Viwavijeshi vamizi kwenye mahindi: nimepuliza hawafi, moyo umeliwa, wanarudi tena. Tutafute shida iko wapi

Maswali kuhusu huyu mdudu ni yale yale kila msimu. Mtu anakwambia nimepiga dawa mara tatu hawafi, nipe dawa kali zaidi. Ukimuuliza ulipiga saa ngapi anasema saa tano asubuhi, ukimuuliza viwavi walikuwa na ukubwa gani anasema sijui nimeona tu majani yametoboka. Sasa hapo hata ukimpa dawa kali kuliko zote bado atarudi na swali lile lile, maana shida haijakaa kwenye dawa. Ndio maana nimeamua kuandika kwa kufuata dalili, we tafuta ile unayoiona shambani kwako uanzie hapo.

Ila kabla ya dalili yoyote jibu maswali matatu: ni yeye kweli, ana ukubwa gani, na saa hii yuko wapi kwenye mmea. Ukishajua hayo matatu umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kumjua ni rahisi ukimshika. Funua moyo wa mmea, pale kwenye faneli majani machanga yanapochomoza, mtoe mmoja umlaze kiganjani. Angalia usoni, kuna mstari wa rangi hafifu wenye umbo la Y iliyopinduliwa kichwa chini. Alafu shuka mpaka pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili, utaona madoa manne meusi yamekaa mraba, kama upande wa dadu wenye nne. Ngozi ukiitazama unadhani inakwaruza lakini ukipitisha kidole ni laini. Rangi isikusumbue kabisa, yupo wa kijani, wa kahawia, na mwingine karibu mweusi, wote ni hao hao. Kama madoa manne hayapo basi usiendelee na maelezo ya dawa ya chini huko, nenda kwanza kwenye dalili ya moyo kukauka na ile ya majani kubaki mshipa, huenda una mdudu mwingine kabisa.

Majani yana vidirisha, kama karatasi ya nailoni

Hii ndio dalili ya mwanzo na ndio nafasi nzuri kuliko zote, watu wengi wanaipita hivihivi kwa sababu shamba bado linapendeza ukiwa mbali.

Sababu inayoongoza ni vitoto vya kiwavi vilivyototolewa juzi tu. Nondo jike anataga mayai kwa kundi, mara nyingi 100 mpaka 200 mahali pamoja, alafu anayafunika na manyoya ya tumboni mwake, ukiona kwa haraka unadhani ni ukungu wa kijivu umeota kwenye jani. Baada ya siku 2 au 3 kwenye joto yanatotolewa, na vile vitoto havina meno ya kutoboa jani zima, vinakwangua upande mmoja tu, upande wa pili unabaki kama kioo. Vingine vinashuka kwa uzi mwembamba upepo unavibeba mpaka mimea ya jirani, ndio maana utakuta mmea mmoja umechakaa katikati na kuuzunguka kuna mimea yenye vidirisha vichache vichache.

Sababu ya pili ni vitoto vya bungua wa mabua, nao wanakwangua hivyo hivyo wakiwa wadogo kabla hawajaingia ndani ya bua. Kwa macho ya kawaida huwezi kuwatofautisha wakiwa wadogo sana, rudi baada ya siku tatu nne uangalie madoa.

Sababu ya tatu sio mdudu ni ugonjwa, na hapa ndipo watu wanapopoteza dawa. Pitisha ukucha taratibu juu ya doa. Kama ni kiwavi utahisi ukucha unashuka kwenye kishimo kwa sababu nyama ya jani imeondolewa, kama ni ugonjwa jani lina unene ule ule ila limebadilika rangi pande zote mbili. Doa refu lenye umbo la sigara au vijistari vya pembe nne vinavyobanwa na mishipa ya jani, huo ni ukungu, dawa ya wadudu haiuhusu. Na ukiona mabaka mapana meupe yanaanzia chini ya majani mapya pande mbili za mshipa mkuu basi fikiria upungufu wa zinki.

Cha kufanya: kama shamba ni la kuzunguka kwa miguu, zunguka mara mbili kwa wiki kuanzia mahindi yakichomoza, ukiona kundi la mayai liponde kwa vidole pale pale. Kidole kimoja kinamaliza viwavi 150, hakuna bomba linalofikia hiyo hesabu. Dawa laini kama ile ya bakteria inayoitwa Bt, au maji ya mbegu za mwarobaini, zinafanya kazi vizuri kwenye hatua hii, na zikitumika kwa kiwavi mkubwa zinalaumiwa bure.

Matundu makubwa yaliyochanika, na kitu kama maranda kwenye moyo wa mmea

Hapa kiwavi ameshakua. Hupitia hatua sita za ukuaji ndani ya wiki mbili mpaka tatu hivi, na sehemu kubwa ya majani anayokula maisha yake yote anaila kwenye hatua mbili za mwisho, yaani unalala shamba lina vidirisha, baada ya siku chache unaamka limechanwachanwa, ukasema wameingia usiku wa jana kumbe walikuwepo wiki mbili.

Kitu cha kwanza kuangalia ni yale maranda, ambayo ni kinyesi. Chukua kidogo usugue kati ya vidole. Kikiwa kibichi, kina unyevu na kinashikana, mwenyewe yumo ndani. Kikiwa kikavu kinapeperuka, ameshatoka, ameshuka kwenye udongo kugeuka pupa, ile hatua ya kutulia kabla hajawa nondo, na unachokiona ni kovu la vita iliyokwisha. Sijui nimeona watu wangapi wakipuliza makovu. Kwa hiyo angalia jani jipya kabisa linalochomoza katikati: likiwa zima, mmea umeshapona, mahindi yana nguvu ya ajabu ya kutoa majani mapya, achana nao.

Alafu hesabu. Tembea shambani kwa mtindo wa W, simama sehemu tano, kila sehemu angalia mimea 10, jumla 50. Hesabu tu yenye uharibifu mpya. Mahindi yakiwa bado machanga, kipimo kinachotumika sana kwa mkulima mdogo ni mimea 10 kati ya 50, yaani asilimia 20, ndio uanze kufikiria kupuliza. Yakishakuwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, ngoja ifike kama 20 kati ya 50. Chini ya hapo okota na uponde, au weka majivu au mchanga mkavu kidogo kwenye moyo wa kila mmea ulioshambuliwa. Usicheke hii ya mchanga, punje zinamkwaruza na kumfukia, na udongo wenyewe unaweza kuwa na vijidudu vinavyomuua kiwavi. Kuna wakulima Honduras wananyunyiza maji ya sukari kwenye mahindi ili wadudu wanaokula viwavi waje, maana hao wakikaribishwa wanafanya kazi bila mshahara.

Onyo hapa. Wapo wanaoshika dawa ya punje kwa vidole vitupu wakadondosha kwenye moyo wa kila mmea, mmea kwa mmea, siku nzima. Baadhi ya hizo punje ni sumu kali sana na inapita kwenye ngozi. Kama lebo haijasema wazi kwamba ni ya kuweka hivyo kwenye mahindi, acha, na hata ikisema, vaa glavu.

Nimepuliza, hawafi

Hili ndilo kubwa nalo nitalikalia.

Siku 2 au 3 baada ya kupuliza rudi shambani, funua mimea kama 20 kwenye sehemu tofauti, uangalie ndani umebaki nani. Jibu lipo kwa hao waliobaki. Wadogo wamekufa, wakubwa wapo hai: ulichelewa. Mimea mingine wamekufa wote na mimea mingine hawajaguswa: upulizaji haukufika sawasawa. Wapo wadogo sana tu, urefu wa milimita 2 au 3, na wakubwa hakuna: dawa ilifanya kazi, hawa wametotolewa baada yake. Wapo hai wote, wadogo kwa wakubwa, shamba zima, na una uhakika ulipuliza vizuri: hapo ndio tuanze kuishuku dawa yenyewe. Umeona dawa inashukiwa mwisho? Watu wengi wanaanzia hapo hapo.

Tuanze na muda, kwa sababu ndio kosa linalotokea zaidi. Kiwavi huyu anapenda kiza, mchana jua likiwa kali anazama chini kabisa kwenye moyo wa mmea. Ukipuliza saa nne au saa tano dawa inakauka juu ya majani na yeye yuko chini amelala. Puliza asubuhi mapema sana au jioni jua likishuka, jioni ni bora zaidi maana usiku kucha atakuwa anatembea na kula juu ya dawa mbichi, na kama unatumia Bt au mwarobaini jua lenyewe linaviharibu, jioni haina mjadala.

Kinachofuata ni mahali dawa inapotua. Nitakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Niliwahi kupuliza shamba langu mara mbili ndani ya siku nane, majani yanang'aa kwa dawa, nikajiona nimemaliza. Jioni moja nikakaa chini na tochi nikauchana mmea mmoja taratibu, jani baada ya jani. Juu kulikuwa na kifuniko cha kinyesi kimelowa dawa, chini yake kinyesi kingine kimeshikana kama udongo wa kichuguu, na chini ya hicho yupo kiwavi mnene, mkavu kabisa, hajalowa hata tone. Alikuwa amejifungia mlango. Dawa yote niliyobeba mgongoni ilikuwa imemwagikia mlangoni. Tangu siku hiyo sipulizi nikitembea haraka huku napunga mkono kushoto kulia kama naosha gari. Nozeli inaelekezwa chini kwenye moyo, mmea mmoja mmoja, unasimama kidogo dawa iingie ndani ya faneli, unaenda mwingine. Ni kazi ndefu na inachosha lakini ndio yenyewe. Jaribu kwanza na maji matupu, puliza mimea mitano alafu ifunue, kama chini ya moyo ni pakavu basi na dawa itakuwa hivyo hivyo.

Ukubwa wa kiwavi tumeshaugusa. Akizidi sentimita 1.5 hivi anakuwa mgumu kufa na amejificha zaidi, na akifika sentimita 3 kwenda juu amebakiza siku chache ashuke chini mwenyewe. Kumpuliza wakati huo ni kumsindikiza. Okota kwa mkono kama shamba ni dogo, mara nyingi utakuta mmoja au wawili tu kwa mmea kwa sababu wanakulana wenyewe kwa wenyewe wakikua.

Alafu kuna mambo ya bomba. Nozeli iliyolika inatoa matone makubwa yanayoteleza kwenye jani, iliyoziba nusu inapuliza upande mmoja. Ikiziba usiipulize kwa mdomo, naomba sana, nimeshaona mtu anaivuta kabisa mdomoni kama filimbi huku ina dawa, safisha kwa maji na mswaki wa zamani. Kipimo nacho, kizibo cha chupa sio kipimo mpaka lebo iseme, ukipunguza unawafundisha wadudu kuizoea dawa, ukizidisha unaunguza mmea na unajiumiza mwenyewe. Maji ya matope pia yanazishika baadhi ya dawa zisifanye kazi, tumia maji safi. Na mvua ikinyesha muda mfupi baada ya kupuliza, dawa nyingi zinaoshwa, lebo inasema inahitaji saa ngapi.

Kuna jambo jingine ambalo sio kosa kabisa ila watu wanalihesabu kama kosa: uharaka. Baadhi ya dawa haziangushi mdudu hapo hapo. Bt inamfanya aache kula ndani ya saa chache lakini anaweza kuendelea kuonekana hai siku mbili tatu, amelegea, rangi imefifia. Mguse na kijiti, asipojikunja au akijivuta kizembe amekwisha huyo. Ukipuliza tena kesho yake umepoteza hela na umeua sisimizi na siafu na manyigu ambao walikuwa wanakusaidia.

Sasa ndio tuje kwenye dawa yenyewe. Kwanza, je ni halisi? Angalia kizibo kama hakijafunguliwa, tarehe ya mwisho, namba ya usajili, na kama lebo imewataja viwavijeshi vamizi au mahindi. Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya maji bila lebo usiinunue, hujui ni nini na ukidhurika daktari hatajua akutibu vipi. Pili, kundi. Chupa nyingi zina namba ya kundi inayoeleza jinsi dawa inavyoua. Hapa kuna mtego ambao unawapata hata wazoefu: umebadilisha jina la dawa, chupa tofauti, rangi tofauti, kampuni tofauti, kumbe ndani ni kundi lile lile. Lambda-sihalothrini na saipametrini zote ni kundi la 3A, na huyu mdudu ameshazizoea sana za kundi hilo sehemu nyingi, hali kadhalika zile za zamani za kundi la 1B kama klorpirifosi. Spinosadi na spinetoramu ni kundi la 5, emamektini benzoeti ni la 6, klorantraniliproli ni la 28, indoksakabu ni la 22A. Majina kwenye chupa yameandikwa kwa Kiingereza lakini ukiyasoma yanasikika hivi hivi. Kwenye joto kizazi kimoja cha mdudu kinachukua kama mwezi mmoja kutoka yai mpaka nondo, kwa hiyo kundi ulilotumia mwezi huu usilitumie kwa kizazi kinachofuata, nenda namba nyingine.

Na usikoroge dawa tatu kwenye bomba moja ili "iwe kali". Hujui zinafanyana nini humo ndani, unavuta mvuke wake, na zikishindwa hutajua ipi imeshindwa.

Simama hapa: kama umepuliza mara mbili kwa makundi mawili tofauti, jioni, ndani ya moyo, kwa kipimo sahihi, viwavi wakiwa wadogo, na bado wapo hai wote, usipige ya tatu. Huo ni usugu au dawa bandia, na vyote viwili vinatakiwa vifike kwa bwana shamba pamoja na chupa yenyewe, maana kama ni kweli majirani zako wote wanahusika.

Jani la katikati limekauka, au mche umelala umekatwa

Vuta lile jani la katikati. Likichomoka kirahisi na chini limeoza linanuka, sehemu ya kukulia ya mmea imekufa. Wakulima wanasema moyo umekufa.

Kwa mahindi machanga mwenye kosa anaweza kuwa kiwavijeshi vamizi aliyekula mpaka chini, utakuta kinyesi kingi juu na yeye yuko kwenye faneli. Anayemfuata, na sehemu nyingine ndiye anayeongoza, ni bungua. Pasua bua kwa kisu kwa urefu: kama kuna handaki ndani na kiwavi wa rangi ya maziwa au waridi, au mwenye safu za vidoa mwili mzima, huyo ni bungua, ameshaingia ndani na dawa ya juu haimpati. Kiwavijeshi vamizi mara chache anachimba bua hivyo, anapenda moyo na majani.

Kama mche umekatwa usawa wa ardhi kama kwa mkasi, fukua udongo sentimita 3 mpaka 5 kuuzunguka. Ukimkuta kiwavi wa kijivu amejikunja kama herufi C, huyo ni sota, anakata usiku na mchana analala udongoni. Mara nyingine kiwavijeshi vamizi mkubwa naye anakata hivyo, ndio maana nasema angalia madoa manne kila wakati. Kwa mtama kuna inzi wa chipukizi naye anaua moyo, ila ukipasua utakuta funza asiye na miguu.

Miche ikiwa bado midogo, wiki mbili za kwanza, pandia mapengo. Ikishapita hapo mmea mpya utafunikwa na wenzake hautakupa kitu, ng'oa ulioharibika uwape mifugo kama hujapuliza.

Majani yote yameliwa umebaki mshipa wa kati, wadudu wapo maelfu wanatembea pamoja

Huyu sio vamizi, ni kiwavijeshi wa Afrika, mweusi mwenye mistari, anakuja kama jeshi kweli na anakula mpaka majani ya malisho. Usijaribu kupambana naye peke yako. Toa taarifa kwa ofisi ya kilimo siku hiyo hiyo, sio kesho, kwa sababu anahama shamba kwa shamba.

Gunzi limeliwa ndani

Angalia tundu liko wapi. Likiwa ubavuni kwenye maganda, kiwavijeshi vamizi ndiye wa kwanza kushukiwa. Kama uharibifu unaanzia nchani kwenye ndevu na kushuka chini, mara nyingi ni yule kiwavi wa vitumba anayesumbua pia pamba na nyanya, ingawa vamizi naye anaweza kupita hapo. Kama tundu linatokea kwenye kikonyo au bua, ni bungua.

Ushauri wangu hapa ni mgumu kuupokea lakini nausema: usipulize. Kiwavi yuko ndani ya maganda, dawa haimfikii, mahindi yamekuzidi urefu kwa hiyo dawa inakurudia usoni, na unakaribia kuvuna chakula. Kila lebo ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna na hizo siku hazijadiliwi. Okota unaoweza, vuna mapema mahindi yakishakomaa, na magunzi yaliyoliwa yatenge usiyachanganye na mazima. Pale alipotafuna ndipo kuvu anapoingia, na sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Punje zenye ukungu, za kijani au zilizofifia, usile na usiwape kuku wala ng'ombe.

Nimewamaliza, baada ya wiki tatu wamerudi

Mara nyingi hawajarudi, ni kizazi kipya kutoka udongoni kwako. Pupa anakaa sentimita 2 mpaka 8 chini, kwenye joto siku 8 au 9 tu anatoka nondo. Sababu ya pili ni majirani kupanda kwa kupishana, shamba lako changa linakuwa chakula kipya cha nondo wa shamba lililokomaa. Sababu ya tatu ni safari: nondo huyu anaweza kuruka kama kilomita 100 kwa usiku mmoja. Asili yake ni Amerika ya joto, 2016 akaonekana Afrika Magharibi, kufika 2018 alikuwa ameenea karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara na ameshaingia India, na 2020 akafika Australia. Hana usingizi wa msimu wa baridi wala kiangazi, penye joto na mahindi mwaka mzima anazaliana mwaka mzima. Zaidi ya aina 350 za mimea anakula.

Kwa hiyo kumfuta hatuwezi, tunaweza kumpunguza. Pandeni wakati mmoja na majirani, mwanzoni mwa mvua. Lima vizuri kabla ya kupanda ili pupa wachomoke juu ndege wawale. Ng'oa mahindi yaliyojiotea. Changanya na kunde au maharage. Na kama una nafasi, weka desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari na nyasi za brakiaria pembeni, ile wanayoiita sukuma-vuta, maana desmodiamu inamsukuma nondo atoke na nyasi zinamvuta pembeni. Utafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, uliochapishwa 2018 kwenye mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania ulikuta viwavi kwa mmea wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 kulinganisha na mahindi peke yake. Inachukua muda kusimama ila ikishasimama hubebi bomba kila wiki.

Acha kazi, tafuta msaada

Ukiwa unapuliza ukaanza kuhisi kichwa kinauma, kizunguzungu, mate yanajaa, jasho lisilo la kawaida, macho yanaona ukungu, kichefuchefu au mwili unatetemeka, tua bomba hapo hapo. Vua nguo, jioshe kwa maji mengi na sabuni, nenda kituo cha afya pamoja na chupa au lebo. Usijitapishe na usinywe maziwa ukidhani yatakata sumu. Mtoto akiigusa au kuinywa dawa usingoje dalili, nenda.

Mwite bwana shamba pia kama kiwavi hana madoa manne na humjui, kama zaidi ya nusu ya mimea imeshambuliwa kwa wakati mmoja, au kama mimea imebadilika rangi baada ya kupuliza. Ukienda kumwonyesha mbebee viwavi wazima watatu wanne wa ukubwa tofauti na kipande cha jani, lakini kila mmoja mweke kwenye kichupa chake chenye tundu dogo la hewa, maana ukiwaweka wote pamoja mpaka unafika ofisini atakuwa amebaki mmoja amenenepa.